Sufi ya Ukutani

(Mhadhara kwa wakulima na wakazi wa mjini, Dodoma, mwanzoni mwa msimu wa mvua)

Mbukwenyi! Ahsanteni, kaeni.

Nimepewa nusu saa na mada sita. Mwenyekiti ananijua vizuri, hizo sita ameandika kwa adabu tu. Nitasema moja, nyingine mtaziona zikipita kama basi lisilosimama kituo chenu. Walionisikia Kongwa, Bahi na Mvumi wanaweza kusinzia, maana ni wimbo ule ule: viwavijeshi, hao watoto wa nondo wanaomaliza mazao, kagueni mapema. Nimeuimba miaka yote niliyokuwa bibi shamba, nimestaafu bado nauimba, na bado kila Januari simu inaita: "Mama, wamevamia ghafla!"

Ghafla. Hilo neno ndilo linaloniudhi. Kiwavijeshi haji ghafla. Nondo anataga usiku, mayai mia na zaidi kwa fungu moja, na kwa joto letu hili siku tatu hivi yameshaanguliwa. Kinachotoka ni kama kipande cha uzi, usipoinama humwoni. Anakwangua jani upande mmoja, upande wa pili anaacha utando unaopitisha mwanga kama nailoni. Mnapishana naye shambani wiki nzima, mnasalimiana na jirani juu ya kichwa chake. Kisha anafika siku zake za mwisho kabla ya kuingia ardhini, na hapo ndipo anakula zaidi ya robo tatu ya chakula chote cha uhai wake. Ndiyo siku mnayonipigia simu. Mgeni amelala kwako wiki mbili, wewe umemwona siku aliyosafisha sufuria.

Mtasema bibi huyu anawasema wakulima, watu wa mjini wamekaa pale mbele wanatabasamu. Subirini, kisa changu ni cha mjini.

Mwaka juzi jirani yangu mmoja, mtumishi aliyehamia kutoka Dar es Salaam, alikuwa ameotesha ukoka mbele ya nyumba. Ukoka mzuri, wa kupigia picha. Maji ya kisima kwetu mnayajua, yana chumvi, kwa hiyo alikuwa ananunua maji ya boza. Ijumaa anasafiri, bustani ya kijani. Jumatatu anarudi, bustani ya kahawia, kama mtu amepitisha pasi ya moto. Akamwita kijana wa bustani, akamfokea mbele ya watu kwamba hela ya boza ameitia mfukoni na ukoka ameunywesha maji ya kisima. Akamfukuza. Hakuna kesi, hakuna shahidi.

Mimi nimesikia kelele, nimevuka barabara na kanga yangu. Nikaomba ndoo, maji lita nne hivi na vijiko viwili vya sabuni ya maji, ile ya kuoshea vyombo. Nikamwaga taratibu kwenye mita moja ya mraba, pale rangi ya kijani inapokutana na kahawia. Si katikati ya kahawia, hapo wameshamaliza wakaondoka, pembeni. Nikamwambia, bwana, tusimame hapa. Dakika chache, nyasi zikaanza kutikisika bila upepo. Wakatoka. Mmoja, wanne, halafu nikaacha kuhesabu. Wanene, wana mistari ubavuni, na kichwani alama ya herufi Y iliyopinduliwa. Jirani yangu akarudi nyuma hatua tatu.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo ninapopapenda. Nikamuuliza, taa hii ya nje unaizima saa ngapi? Akasema inawaka mpaka asubuhi, kwa usalama. Nikatazama ukutani chini ya taa, rangi nyeupe safi, na juu ya hiyo nyeupe kuna mabaka matatu ya kijivu, kila moja kama ukucha wa dole gumba, yana manyoya kama sufi iliyochafuka. Hayo ni maganda ya mayai. Nondo alifuata taa, akataga ukutani, akafunika mayai kwa magamba ya mwili wake. Watoto walipotoka wakashuka kwa nyuzi zao mpaka kwenye ukoka.

Na yule kijana, niliyemkuta getini na mfuko wake wa nguo, akaniambia kwa sauti ya chini: "Bibi, hiyo sufi niliiona. Nilimuuliza bosi, akasema ni utando wa buibui, nifagie nikipata nafasi."

Aliiona! Siku ile kitambaa chenye maji ya sabuni kingemaliza kazi. Dakika mbili. Kijana alirudishwa, lakini mshahara wa zile siku alizokaa nyumbani nilipouulizia sikujibiwa.

Ukoka wenyewe ulipona, maana kiwavijeshi anakula jani, mzizi hagusi. Ulipata maji, ukachipua tena. Mahindi yako ya wiki tatu hayana ngozi ngumu hiyo.

Naona mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa. Najua anachotaka kusema: bibi, huo ni ukuta mmoja, mimi nina ekari nane, nitainama mpaka lini? Baba, sikusema uhesabu kila mche. Ingia shambani asubuhi, tembea kwa kukunja kona. Simama sehemu tano, kila sehemu tazama miche 20 mfululizo bila kuchagua. Hiyo ni miche mia. Ikiwa bado midogo na 20 kati ya hiyo mia ina dalili mpya za kuliwa, chukua hatua. Ikiwa mitatu, rudi nyumbani ukanywe chai, uje tena baada ya siku tatu. Anza siku mche unapotoa majani mawili, matatu. Ukikuta fungu la mayai, liponde kwa vidole. Watu wananiuliza dawa gani, mimi nawaonyesha dole gumba, wanadhani natania.

Mwingine atasema, serikali ilete ndege ya kunyunyizia dawa. Ndege ina kazi yake, nitaeleza. Wapo viwavijeshi wa aina mbili. Yule wa tangu enzi za babu zetu anakula jamii ya nyasi: mahindi, mtama, uwele, mpunga wa Bahi, malisho ya ng'ombe. Alizeti yako haitaki, mzabibu hautaki. Huyo ndiye jeshi hasa, anamaliza shamba hili anavuka barabara kwa mamia elfu. Kwenye mbuga kubwa ya majani ndege itamfikia. Lakini yule vamizi, asili yake ni bara la Amerika, aliingia Afrika mwaka 2016 na kwetu akathibitishwa 2017. Mbali na ile Y, ana madoa manne karibu na mkia, yamekaa kama miguu ya stuli. Yeye anaingia moyoni mwa mhindi, anaziba mlango kwa kinyesi chake kama unga wa mbao, anajifungia. Ndege itapita juu, dawa itakaa kwenye jani, yeye yuko chumbani. Na msinitajie mitambo: hapo Kongwa Waingereza walikuja mwaka 1947 kulima karanga, matrekta kibao, ardhi ikakauka ikawa sementi, na 1951 wakafunga virago. Trekta walileta. Kilichopungua ni kuitazama kwanza ardhi na mvua.

Wazee wa Kigogo wanasema viwavi wananyesha na mvua. Vijana wa chuo wanawacheka. Msiwacheke. Nondo wa yule wa zamani wanasafiri usiku na upepo, masafa marefu, na pepo zinapokutana na mvua kuanguka, nao wanakusanywa wanashushwa hapo hapo, wanataga kwenye majani machanga. Mzee aliona mvua, baada ya wiki mbili akaona viwavi. Hesabu yake imekosa nondo tu. Kilosa hapo jirani vijiji viliwahi kupewa mtego wenye harufu ya nondo jike na kipimo cha mvua. Mwanakijiji anahesabu madume ya usiku uliopita, anasoma mvua, anatangaza kijijini mwake. Mvua kubwa ya kwanza baada ya kiangazi, andika tarehe ukutani kwa mkaa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeona.

Dawa, basi, haraka haraka. Iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na lebo isomeke. Pulizia jioni, kiwavi anapotoka kula, na elekeza ncha ya bomba moyoni mwa mhindi, si kurashia shamba kama padri na maji ya baraka. Akishanenepa na kujifungia, unamwaga pesa. Msipime kwa kizibo. Kizibo cha chupa hii si kizibo cha chupa ile. Msirudie kundi moja la dawa msimu mzima, atalizoea. Mwenye robo ekari ajaribu majivu au mchanga mkavu, kidogo, moyoni. Siafu muwaache, wanawafanyia kazi bure. Mwarobaini nilitaka kuueleza vizuri, basi.

La mwisho, kwa wafugaji. Mtama uliolika ukaanza kuchipua upya, yale machipukizi mafupi yana sumu ya sianidi. Msifungulie ng'ombe humo kwa sababu tu pamerudi kijani. Subirini urefuke, ufike kiunoni, hata kama jirani ameshafungulia wake.

Haya, nimekaa. Maswali ya mwarobaini niulizeni hapo nje, chini ya mti.