Usizime Simu

Nasaha za mzazi kwa wahitimu wa mafunzo ya ufundi, Temeke, Dar es Salaam

Wazee mliopo, shikamooni. Wanangu, marahaba, hata nyie wa nyuma ambao hamjaniamkia.

Kwenye ratiba nimeandikiwa "Nasaha za mzazi: kujikuza na kukabiliana na changamoto za maisha." Kichwa kirefu kuliko dakika nilizopewa. Mimi ni seremala wa Keko, na wanaonijua wanajua nitakalosema, maana nimelisema kwenye vikao vya harusi, nimelisema msikitini, na kwenye msiba mmoja nikaombwa nikae. Nasema hivi: mambo yakikuharibikia, usizime simu.

Mlitaka niwaambie amkeni mapema, wekeni akiba, acheni pombe. Hayo mnayajua tangu darasa la tatu. Mafundi ninaowaona wakifunga mabanda yao Keko si wavivu. Wengine randa wanaishika vizuri kuliko mimi. Wameponzwa na simu iliyozimwa.

Kijana wangu yupo pale, mwenye kofia. Ruhusa ya kumsema ninayo. Alipofungua banda lake alipata mteja, mama mmoja wa heshima anayeozesha binti. Anataka kitanda cha mninga, sita kwa sita. Bei shilingi 900,000, advansi 500,000. Siku hiyo hiyo mwenye banda naye anataka kodi ya miezi sita. Basi hela iliyoingia asubuhi kwa jina la mbao, jioni ikatoka kwa jina la kodi. Akaja mteja wa meza. Advansi ya meza ikanunua mbao za kitanda, tena nusu. Akaja mteja wa makochi. Advansi ya makochi ikaenda kwenye meza. Mnacheka kwa sababu mchezo mnaujua! Kila mteja mpya anamalizia kazi ya mteja wa zamani. Ikifika Januari, watu wote wanahangaika na ada, mteja mpya haji, na hapo ndipo unapojua kwamba ulichokuwa unaita biashara ni madeni yanayozunguka.

Wiki ya harusi ikaingia. Kitanda ni kichwa tu kimeegemezwa ukutani. Mbavu hakina, chaga hakina. Mama akipiga, anajibiwa: "Bado vanishi tu, mama." Akipiga tena: "Nipo njiani." Njiani kwenda wapi, na mama mwenyewe amesimama mlangoni kwa banda? Halafu ikawa "namba unayopiga haipatikani kwa sasa".

Jumatano mama akaja kwangu, na mashangazi wawili wa bibi harusi. Shangazi wa bibi harusi haji kuulizia kitanda, anakuja kuhukumu. Wakakaa kwenye benchi langu, mmoja akavua viatu akavipanga pembeni. Nikajua hawa leo hawaondoki.

Kijana nikamkuta Mbagala kwa dada yangu, saa saba mchana amelala, simu iko chini ya godoro. Nikamwambia washa, piga nikiwa hapa hapa. Sema kazi imefika wapi, sema imekwama kwa nini, taja siku ya kweli. Na usianze na "unajua mama". Akapiga. Alitukanwa mpaka mimi niliyekuwa mlangoni nikaona haya. Mama alipochoka akauliza, sauti yake ya kawaida kabisa: "Kwa hiyo Alhamisi ijayo kitakuwa tayari?" Ndiyo, mama. "Haya. Maharusi wakitoka ukumbini wanakwenda Lushoto, hawarudi mpaka Ijumaa."

Mmesikia? Kitanda hakikuwa na haraka ya Jumamosi! Mtoto hali, halali, sokoni anapita njia za uchochoroni, yote kwa ajili ya tarehe ambayo mteja mwenyewe angeisogeza kama angeambiwa. Wewe hujui mteja wako ana nafasi kiasi gani. Hujui kama mwenye nyumba anaweza kuvumilia mpaka mwisho wa mwezi. Hujui kama mkeo ameshajua zamani, anakusubiri useme. Utajuaje, na simu umezima?

Kitanda kilitoka Alhamisi kwa kirikuu. Sisemi kila mtu alisamehe. Mteja wa makochi alitaka hela yake yote, na alilipwa kidogo kidogo mpaka ikaisha.

Sasa kuna mmoja hapo anasema moyoni: mzee, wateja wengine wakorofi, ukiwaambia ukweli wanakwenda polisi. Waende. Mtu anayepokea simu na mtu aliyekimbia hawatazamwi kwa jicho moja, hata kwa mjumbe wa nyumba kumi. Na msidanganyane kwamba hamkuandikiana: kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Mwingine anasema hana vocha. Mwanangu, ule ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie" mnawatumia wachumba zenu kila usiku. Na wateja wanaozima simu siku ya kumalizia malipo? Wapo, tena wengi. Kitanda kisitoke bandani hela haijaingia. Hilo mwalimu wenu amewafundisha, na kama hakuwafundisha mdaini ada.

Mikopo niipitie haraka. Anayemkimbia mteja ndiye huyo huyo anayekwenda kuchukua kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, amlipe mteja, kisha anamkimbia na mkopeshaji. Hawa wa kwenye programu za simu ndio hatari zaidi, maana ukizima yako wanapiga za ndugu zako. Majina yote wanayo, watamwandikia mpaka mkwe wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 za kukopesha zisizo na leseni, ikazipiga marufuku. Kwa hiyo ulizeni leseni kwanza. Au undeni kikundi mwende halmashauri: katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kukopesha vikundi, asilimia 4 ni ya vijana, na riba hakuna. Mtazungushwa, makaratasi ni mengi, sitawadanganya. Nendeni hivyo hivyo.

Nilikuwa na la afya na la ndoa, lakini mwenyekiti anagonga meza. La ndoa niulizeni nje, mke wangu amekaa mstari wa mbele.

Mwenyekiti, moja tu. Nunueni kauntabuku kabla ya kununua msumeno. Kila mteja na ukurasa wake: jina, namba, vipimo, advansi, tarehe mliyokubaliana. Chini yake andika hela ilikokwenda. Kama imekwenda kwenye kodi, andika "kodi", usijifiche kwenye daftari lako mwenyewe. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hujashika randa, fungua kurasa zote, na yeyote ambaye kazi yake itachelewa mpigie wewe kwanza, hata kama ni wateja sita na wote watakutukana. Chai utakunywa baadaye. Asanteni, naona wapishi wameshafunua masufuria.