Bei ya Gamba: Mazungumzo ya Baada ya Alasiri, Ngome ya Lamu

Assalamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wavuvi mlioziacha nyavu zenu nusu zimeshonwa mkaja kunisikiliza, ahsanteni sana.

Nitaanza na kichana. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nacho, cha gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini, akikiweka karibu na kijaluba chake cha tambuu. Ukikiinua kwenye mwanga wa dirisha unaona rangi ya asali imeingiliana na ya kahawa, madoa yametambaa kama wino uliodondokea maji. Meno mawili yalikuwa yamevunjika. Nilikipenda sana, na nilikuwa mtu mzima nilipouliza kilikotoka. Ng'amba ana magamba makubwa 13 mgongoni, yamelaliana kama makuti ya paa, na kuyabandua yalipashwa moto. Halikatwi gamba kama ukucha, mwenyewe akaenda zake.

Sisi si wageni wa biashara hii. Karne ya 1 baharia wa Kigiriki aliandika kwamba pwani ya huku ilitoa pembe za ndovu, kipusa, yaani pembe ya kifaru, na magamba ya kasa. Siwa ya Pate mnaijua, lile baragumu la kifalme, ni pembe za ndovu zilizochongwa kwa ustadi ambao mpaka leo unanitoa machozi. Sisemi haya kuwalaumu waliotutangulia. Lakini bahari waliyoichota wao siyo tuliyorithi sisi. Nani hapa mwenye umri wangu amemwona nguva kwa macho yake, akiwa hai?

Sasa sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga maduka ya nyara, yaani pembe, ngozi na mengineyo. Upande wa dunia upo mkataba wa CITES, wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kazi 1975. Mkataba huu unashughulika na kitu kinachovuka mpaka, na viumbe umewapanga katika viambatisho vitatu. Cha kwanza ndicho kikali: aliyemo humo haruhusiwi kuuzwa nchi hadi nchi kwa biashara. Kasa wote wa baharini wamo, nguva yumo, papa upanga yumo. Cha pili kinaruhusu biashara, ila kwa kibali. Matumbawe magumu yako humo, kwa hiyo kile kipande cheupe ambacho vijana wetu humuuzia mgeni awekee dirishani kwake Ulaya si kitu cha bure kama kinavyoonekana.

Wengi husikia "mkataba wa kimataifa" wakadhani ni habari ya viwanja vya ndege. La. Ndani ya nchi tuna sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013. Ilipotungwa, kosa linalohusu mnyama aliye hatarini kutoweka lilikuwa na faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Baadaye ilirekebishwa, ikatenganisha kuua, kufanya biashara na kupatikana na kitu. Na hapo kwenye biashara naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo watu wetu wanapoumia. Sheria haimtazami muuzaji peke yake. Mfanyabiashara wa nyara, kwa maelezo yake, ni anayeuza na anayenunua na anayebadilishana. Ni anayekata, anayechonga, anayesugua mpaka king'ae. Ni anayesafirisha pia. Fundi wa nakshi umo. Nahodha uliyepewa mfuko uufikishe Mokowe bila kuuliza una nini, nawe umo.

Mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniambia: "Mwanangu, mimi kasa simtafuti. Huingia mwenyewe kwenye jarife, huu wavu wangu mkubwa." Ni kweli, na sitambishia. Kasa anavuta pumzi kama mimi na wewe; akinaswa chini, akachelewa kupanda, anakufa maji. Lakini mara nyingi jarife likivutwa huwa bado yu hai, na hapo mvuvi amesimama na kiumbe mikononi. Kama hakuna mtu ufukweni wa kumpa pesa, atamrudisha, maana mzigo ule ni mzito na nyavu zinamngoja. Kama yupo, basi mkono utasita. Ule msito ndio sheria imekuja kuuondoa. Ndiyo maana inamwandama mnunuzi, na mimi naona inafanya haki: bei hupangwa na mwenye pesa, wala si mwenye jarife.

Kule Watamu, kusini ya Malindi, wamepita njia ya pili pia. Mvuvi aliyenasa kasa hupiga simu, watu huja, kasa hupimwa, akafungwa kibandiko chenye namba kwenye kikono, akarudishwa baharini. Mvuvi hupewa kifuta jasho. Si pesa nyingi, lakini wavu wake uliochanika umefikiriwa. Natamani jambo kama hilo lienee mpaka Kizingitini na Kiunga.

Kuhusu vitu vya zamani, nimeulizwa sana: "Hiki ni cha babu, kitanitia hatiani?" Umri wa kitu haukupi kibali. Usikiuze, usikipe mgeni kama zawadi, usikitie kwenye sanduku la safari. Nenda kwa maafisa wa wanyamapori wewe mwenyewe, ukaeleze, kabla hawajaja wao.

Sisi tulikwenda na kile kichana. Mama alikifunga kwenye kipande cha leso, akakikamata mapajani mwake chomboni njia nzima. Afisa, kijana mpole, alikipima kwa rula, akahesabu meno, akaandika. Alipouliza kilipatikana mwaka gani, mama hakuwa na jibu, akaanza kumsimulia mamake alivyokuwa akisuka nywele usiku wa kuamkia Idi. Kijana aliweka kalamu chini, akamwacha amalize.

Haya, maswali. Mzee wa jarife, wewe kwanza.