Sekunde 60 za Dukani

Habari za jioni, vijana. Sogeeni mbele, spika ya huko nyuma inakoroma.

Mwenyekiti wenu aliponipigia kuniomba nije kuzungumzia gemu ya Killing Floor, nilimuuliza: nizungumzie mazombi au duka? Akacheka, akadhani namtania. Basi leo nitazungumzia duka.

Kwa ambaye hajaicheza, nitapita haraka. Timu ni ya watu wasiozidi 6. Mnajikuta usiku kwenye mtaa wa London, au shambani, au ndani ya maabara, na viumbe wanawajia kwa mawimbi. Mawimbi ni 4, 7 au 10, mtakavyochagua, kila moja zito kuliko lililotangulia, kisha anakuja bosi, Patriarch. Kati ya wimbi na wimbi duka linafunguliwa kwa kama dakika moja. Mnakimbilia huko, mnanunua risasi, mnauza bunduki ya zamani, mnatoka. Muda ukiisha bado umo ndani, dada wa duka anakutoa nje kama mlevi saa ya kufunga baa.

Hao viumbe wanaitwa Zed. Sisi tulikuwa tunasema mazedi. Msiwachanganye na misukule. Msukule, kwa wanaoamini, analimishwa shamba la watu usiku, kimya, kesho yake mwenye shamba anaonekana tajiri. Zedi ni mali ya maabara. Kampuni moja ya kwenye hadithi, Horzine, ilipewa kazi ya kutengeneza askari, mambo yakaharibika. Hadithi yote ndiyo hiyo, na haina haja ya kuwa ndefu zaidi.

Gemu yenyewe ilianza 2005 kama modi, yaani gemu iliyogeuzwa kutoka gemu nyingine. Alex Quick alichukua Unreal Tournament 2004, gemu ya watu kupigana wao kwa wao, akaigeuza watu wapigane upande mmoja. Tripwire Interactive, kampuni ya kule Georgia, Marekani, ikaichukua na kuiuza rasmi Mei 2009. Angalieni na majirani zake: 2008 peke yake tulipata Left 4 Dead, tukapata Horde, mchezo wa mawimbi ndani ya Gears of War 2, tukapata mazombi wa Call of Duty: World at War. Kwa hiyo Killing Floor haikuwa peke yake sokoni, wala haikuwa nzuri kwa macho. Sura za wahusika zilikuwa kama zimechongwa kwa panga.

Na mawimbi ni ya zamani zaidi ya hapo. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alitoa Space Invaders. Mtakumbuka, au muulizeni baba zenu: kadiri unavyowapunguza wale wavamizi, waliobaki wanazidi kwenda mbio. Hakuanza kwa kukusudia hivyo. Mashine ilikuwa dhaifu. Ikiwa na wengi wa kuchora inajikokota, wakipungua inapata pumzi. Akaona inanoga, akaiacha.

Killing Floor inakwenda kinyume. Mwisho wa wimbi ndio utulivu. Amebaki zedi mmoja, yule Clot anayetembea kama ana njaa ya siku tatu, na mchezaji mzoefu hamuui. Mnamzungusha kama mbuzi wa mnada huku wenzenu wakiokota maboksi ya risasi na kuchomelea milango. Maana akifa tu, saa ya duka inaanza kuhesabu.

Nawapa kisa. Tulikuwa tunacheza kwenye kafe moja, mashine 6 zimeunganishwa kwa waya, hakuna bando linaloliwa. Jamaa mmoja tulimwita Bahili. Alikuwa na shabaha, simnyimi haki yake, na kwa kuwa kila zedi unayemuua unalipwa, alikuwa na hela kuliko sisi watano. Wahusika wa gemu hawazitaji hizo hela kama pauni. Wana neno lao la mtaani, kama sisi tunavyosema mkwanja. Na kuna kitufe: ukikibonyeza, bunda la noti linadondoka sakafuni mbele yako. Yeyote anaokota. Bahili hakuwahi kukibonyeza.

Siku hiyo tuko kwenye ramani ya Offices, wimbi la 7. Daktari wetu, yaani mwenzetu aliyechagua kazi ya kutibu, amekufa wimbi lililopita, amefufuka na bastola mkononi, mfuko mtupu. Tuko wote dukani. "Kaka, nirushie kidogo ninunue vesti." Bahili anahesabu, anataka bunduki ya bei mbaya. Sekunde 20. "Kaka." Sekunde 10. Duka likafunga.

Wimbi lilipofika katikati akaja zedi aitwaye Fleshpound. Huyu ana visu vinavyozunguka mikononi na taa kifuani. Taa ikiwa ya njano, unamwacha apite au mnamshambulia wote kwa mpigo mmoja. Ukimchokoza kidogo kidogo, taa inageuka nyekundu, na hapo hakuna maelezo tena. Daktari wetu na bastola yake alimpiga mara mbili, kwa woga tu. Nilisikia viti vitatu vikisukumwa nyuma kwa pamoja. Bahili alibaki peke yake korido ya mwisho, bunduki yake mpya ikiwa na risasi tele, damu yake imebaki 12, na hakuna wa kumdunga sindano.

Hiyo sindano sasa. Kila mchezaji anayo, si daktari peke yake. Ukijidunga mwenyewe, unapata nafuu kidogo. Ukimdunga mwenzako, inafaa zaidi, na unalipwa. Mtu alikaa mezani akaandika namba hizo kwa makusudi, na ninyi mnaojifunza kutengeneza gemu nataka mzitazame hizo kuliko mnavyozitazama damu na vichwa vinavyopasuka. Hakuna mahali gemu inakuhubiria ushirikiano. Imepanga bei tu.

Kuna aliyeniuliza mlangoni kama inatisha. Inatisha wiki ya kwanza. Unasikia msumeno wa zedi aitwaye Scrake ukinguruma nyuma ya ukuta kabla hujamwona, mgongo unasisimka. Wiki ya tatu ule ule mngurumo umekuwa taarifa: yuko kushoto, mbali, tuna nafasi ya kujaza risasi. Hofu inachakaa kama soli ya kiatu. Mtu aliyecheza miaka mitatu haendeshwi na hofu. Anaendeshwa na hesabu ya risasi, na zile sauti tano za wenzake masikioni mwake.

Ndiyo maana nina ugomvi na gemu ya pili, iliyokamilika 2016. Ni nzuri, muziki wake wa metali unapiga hasa, na inakwenda kasi. Lakini chukueni Stalker, yule zedi mwanamke asiyeonekana. Katika gemu ya kwanza mchezaji aliyechagua kazi ya Komando peke yake ndiye anayemwona. Kwa hiyo lazima aongee: "Mmoja nyuma yako, kulia, kulia!" Komando mkimya ni hasara kwa timu. Katika ya pili, Komando akimwona, na wenzake walio karibu wanamwona. Wametusaidia, na kafe ingekuwa kimya. Wenzangu wengi hawakubaliani nami hapa, wanasema nazeeka.

Haya, maneno yametosha. Mashine 6 zile za ukutani zimeshaunganishwa, gemu ya kwanza, mawimbi 4 tu ili tuwahi daladala. Nani anachukua udaktari? Usiangalie chini, wewe mwenye fulana ya kijani, njoo. Na nani atashika hela?