Saa za Karakana: Maneno kwa Wazazi na Walimu wa Lubumbashi kuhusu Seksioni za Ufundi

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ndugu maprefe mnaoongoza shule, walimu wenzangu, akina mama na akina baba mliofika kutoka komuni za mji wetu, Kenya, Katuba, Kampemba, Rwashi na hata kutoka Annexe, ambako kupata gari la kurudi jioni si jambo dogo: ninawashukuru kwa mwaliko huu. Barua mliyoniandikia inaniomba nizungumze juu ya shule kubwa ya mjini yenye seksioni nyingi na mchango wake katika maendeleo ya nchi. Kwa ruhusa yenu nitazungumza juu ya karakana. Wale walionisikia siku zilizopita watanong'onezana kwamba mzee huyu ana wimbo mmoja tu. Hawakukosea, na mimi sitaubadilisha kabla sijaona makufuli ya milango ya karakana yametolewa.

Shule zenyewe mnazijua, kwa hiyo sitapoteza muda kuzieleza. Mnajua kwamba uani, wakati wa kupandisha bendera, mtoto wa Kiluba husimama kando ya Mbemba, Mlamba, Msanga, Mlunda na mtoto wa Kasai, na kwamba mwalimu akiisha kufunga kitabu chake cha Kifaransa, wote hugombana na kupatana kwa Kiswahili. Mji huu ulikwisha kuona, mwaka 1992 na 1993, yanayotokea watu wanapoanza kuulizana asili zao, na ninaamini kwa dhati kwamba ua wa shule kubwa ni mahali pamojawapo ambapo jeraha lile limepona kwa kiasi fulani. Lakini umoja wa uani hauendelei mpaka madarasani. Angalieni majengo yamepangwaje. Mbele, karibu na ofisi ya prefe, mtawakuta wanafunzi wa Sayansi na wa Kilatini na Falsafa. Katikati wako wa Ualimu na wa Biashara na Usimamizi. Nyuma kabisa, karibu na ukuta na vyoo, ndiko waliko Mekanika, Umeme, Ujenzi na Ushonaji. Na mtoto anapoletwa nyuma huko, mara nyingi si kwa sababu anapenda chuma, bali kwa sababu alama zake hazikumruhusu kukaa mbele.

Dharau hii haikuanguka kutoka mbinguni, na ningependa tuwe na haki kwa wazazi wetu walioirithisha. Mji wetu uliasisiwa mwaka 1910. Mwaka 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa, na mwaka huohuo wamisionari Wasalesiani wa Don Bosco wakafika, na kufundisha ufundi kukawa miongoni mwa kazi zao za mwanzo. Kwa hiyo ufundi si mgeni Lubumbashi. Umezaliwa pamoja na mji. Ila katika enzi ile Mwafrika alifundishwa kazi ya mikono ili aishie hapohapo. Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi ile, ilihitaji fundi msaidizi. Haikuhitaji Mkongomani anayesoma sheria au udaktari. Chuo kikuu cha mji huu kilifungua milango mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru, na tulipoingia mwaka 1960 wahitimu wetu wa chuo kikuu katika nchi nzima walikuwa wachache mno. Baba aliyeyaona hayo akamwambia mwanawe: wewe usishike nyundo, shika kalamu. Alikuwa na akili timamu. Tatizo ni kwamba sisi, wajukuu zake, tunaendelea kurudia agizo lake wakati mkoloni aliyemkimbia hayupo tena.

Sasa nifike kwenye kerezo, yaani mashine ya kukerezea chuma. Nilialikwa siku moja katika shule ya mji huu, ambayo sitaitaja. Prefe wake, mtu mwenye heshima na bidii, alitaka nione mashine mpya ya kukerezea chuma ambayo wafadhili walikuwa wameileta. Mlango wa karakana ulikuwa na makufuli mawili. Ufunguo wa kwanza alikuwa nao yeye. Wa pili alikuwa nao mkuu wa karakana, naye alikuwa Likasi kwenye matanga. Tulingoja. Ufunguo ulipopatikana tuliingia, na kwa kweli mashine ilikuwa nzuri: imefunikwa turubai, imepakwa grisi, na ile grisi ya kiwandani ilikuwa bado kwenye meno ya mandrini, kile kishikio kinachobana chuma na kukizungusha, haijaguswa na kidole cha mtu. Ukutani paliandikwa USIGUSE. Katika chumba cha pili, mita chache kutoka hapo, mwalimu alikuwa akichora mashine hiyohiyo ubaoni kwa chaki, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakiinakili kwa kalamu za rangi tatu. Ilikuwa michoro safi sana. Ningeweza kuitundika sebuleni.

Nikamwomba kijana mmoja, aliyekuwa wa kwanza darasani, aje anifungie kipande cha chuma cha mviringo kwenye mandrini. Kwanza alinitajia sehemu zote za mashine kwa Kifaransa, moja baada ya nyingine, bila kukosea hata moja. Kisha akakiweka kipande, akachukua ufunguo wa mandrini, akakaza vizuri, akarudi nyuma hatua moja na kunitazama kwa furaha. Ufunguo alikuwa ameuacha umechomekwa kwenye mandrini.

Wasiofanya kazi hii wataniuliza: kuna nini hapo? Kuna hili: mandrini ikianza kuzunguka huku ufunguo ungali umechomekwa, kile chuma hurushwa kwa nguvu inayoweza kumvunja taya aliyesimama mbele yake, au kumuua. Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa kerezo hufundishwa, hata kabla ya kujua swichi iko wapi, ni kwamba mkono usiuachilie ufunguo mpaka umeutoa. Somo hili halichoreki. Huingia mkononi kwa sababu mwalimu amesimama begani pako na kukukemea mara nyingi mpaka mkono wenyewe ukatae kuuacha. Kijana yule alikuwa na alama nzuri za teknolojia, na baada ya miezi michache angepewa diploma ya serikali inayomwambia mwajiri kwamba amesoma Mekanika ya Jumla.

Nilimuuliza prefe kwa nini makufuli mawili. Akanijibu bila kuzunguka: "Mwalimu, ikiharibika, nani ataninunulia nyingine?" Ninamwelewa, na ninawaomba msimcheke. Mkaguzi anapokuja, anaandika mashine zilizopo na hali zake. Hakuna mahali katika karatasi ile panapouliza mashine imezunguka saa ngapi, na ni mikono ya akina nani iliyoizungusha. Kwa hiyo prefe mwenye mashine mpya isiyotumika husifiwa, na yule ambaye mashine yake imechakaa kwa kufundisha watoto huulizwa maswali. Tukiacha mambo yaende hivyo, kila mtu mwenye busara atafunga mlango. Na chuma hakihifadhiki kwa kufungiwa: grisi huganda, mikanda hukauka, kutu huingia mahali ambapo turubai halifiki, na wakati huohuo darasa baada ya darasa limekwisha kuondoka.

Ndiyo maana pendekezo langu, ambalo nimelirudia mpaka baadhi yenu mnalijua kwa moyo, ni dogo na halihitaji mfadhili. Kila karakana iwe na daftari la saa. Kila mwanafunzi aandikiwe siku, mashine aliyoishika, muda alioishika na kitu alichokitengeneza, kisha atie sahihi mwenyewe, si mwalimu amtilie. Mzazi anapokuja kulipa minervali, yaani ada ya shule, aombe kuliona daftari hilo kabla ya kuomba kuona buletini ya alama.

Najua kuna anayesema moyoni: mzee, unazungumza juu ya mashine wakati umeme wenyewe unakuja unapotaka. Kerezo linataka umeme wa fezi tatu, na SNEL, shirika la umeme, ikikata, daftari lako litaandika nini? Hoja hii ningeiheshimu zaidi kama isingekuwa inatumiwa pia siku ambazo umeme upo. Lakini nitaijibu. Fundi chuma haanzi na mashine. Anaanza na jiliwa la kubania chuma, tupa ya kukisugulia na guni la kupimia pembe mraba, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachochomekwa ukutani. Mpe mtoto wa mwaka wa kwanza kipande cha chuma chakavu, mwambie akipige tupa mpaka uso wake uwe bapa na pembe zake ziwe mraba. Ataona ni rahisi kwa nusu saa. Kisha mwambie aliweke guni juu ya uso ule, akiinue kipande mpaka kwenye usawa wa macho, aelekee dirishani. Atauona mwanga ukipita chini ya guni, mwembamba kama uzi, katikati ama pembeni, na mwanga huo humwonyesha mkono wake umeelemea wapi. Atarudi kwenye jiliwa. Atapiga tupa tena, na safari hii atabadilisha namna alivyosimama, maana ubapa wa chuma hutegemea miguu na mabega zaidi kuliko vidole. Siku mwanga ule utakapokwisha, mtoto huyo atakuwa amejifunza usahihi, na hata akienda kusoma uhasibu hautamtoka. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, bila hata wati moja. Shule isiyofanya hata hilo isiisingizie SNEL.

Kumfundisha mtu ufundi kwa chaki ni sawa na kumfundisha kusonga bukari, ugali wetu, kwa picha ya chungu; nisiseme zaidi, kwa kuwa nawaona akina mama wamekwisha kucheka.

Hoja nyingine huletwa na wazazi waliosoma, tena kwa sauti ya juu: migodi inataka wahandisi, kwa hiyo waacheni watoto wetu wasome Sayansi wafike chuo kikuu. Wafike, nani anawazuia? Lakini mtoto wa seksioni ya Umeme naye hufanya Mtihani wa Serikali, hupata diploma ya serikali, na mlango wa chuo uko wazi kwake kama kwa mwenzake. Na mgodini kwenyewe mambo yamebadilika. Shaba nyingi leo haiyeyushwi kwa moto tu kama zamani. Huyeyushwa kwa asidi, husafishwa kwa kemikali, kisha hugandishwa kwenye bamba kwa nguvu ya umeme. Kazi hiyo yote hutegemea pampu, vali, mota na vipimo vinavyofanya kazi usiku na mchana. Pampu ikisimama saa nane za usiku, mhandisi mwenye shahada ataamshwa, ndiyo, lakini anayeifungua ni fundi. Mkinilalamikia kwamba mafundi wanatoka nchi za mbali wakati vijana wetu wanauza vocha za simu barabarani, nitawauliza daftari la saa liko wapi.

Kuhusu mtihani wenyewe. Siku nne za kuchagua majibu kwenye karatasi haziwezi kumpima mtu anayekereza chuma; kwa sababu hiyo serikali iliweka jaribio la vitendo mbele ya jopo kwa seksioni za ufundi. Jopo likija kutazama vipande vilivyopangwa mezani bila kumwona mtoto akivitengeneza, limetazama maonyesho. Ninaomba wanajopo waliomo humu wasimame kando ya jiliwa, si kando ya meza ya vinywaji.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nilikuwa na mengi. Nitayapitia mbio. Elimu ya msingi ilipofanywa bure kuanzia Septemba 2019, madarasa ya kwanza yalifurika. Mtoto aliyeingia wakati ule bila kurudia darasa anamaliza la nane katikati ya mwaka 2027, kisha anachagua seksioni. Sekondari si bure. Kundi hilo lote mtalielekeza wapi, nyuma karibu na vyoo? Wasichana: seksioni ya Umeme si ya wavulana, na anayemwambia binti yangu kwamba Ushonaji ndio unaomfaa aniletee sababu isiyohusu mashavu yake. Walimu: mwalimu mzuri wa mekanika huitwa na makampuni ya migodi ya Kolwezi kwa mshahara tusioweza kuulinganisha na wetu, na sitamlaumu, ila makampuni hayohayo, kwa mujibu wa sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, hutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na miradi yao. Wawakilishi wenu wanapoketi kuamua fedha hizo zijenge nini, waombe jiliwa, tupa na posho ya mwalimu wa karakana kabla ya kuomba lango jingine la shule lenye jina la mfadhili.

Suala la kompyuta nimeliacha, na la ada za ziada za seksioni za ufundi pia. Mweka hazina yupo, atawajibu kuliko mimi. Walio na maswali waanze na hawa walioketi nyuma, na tafadhali, swali liwe swali, lisiwe mhadhara wa pili.