Kinachomaliza Tulipu za Mwitu ni Kiangazi, si Baridi

REHEMA: Karibuni. Leo tuko kwenye matunguu ya maua ya machipuko, yale mafundo kama kitunguu ambayo maua haya huota kutoka kwayo, na hatusemi yale yanayorundikwa mlangoni mwa supamaketi kila Septemba. Ni tulipu za mwitu, fritilaria za milimani, na Galanthus, yale maua meupe yanayotoka theluji ikiwa bado chini. Miezi tutakayotaja ni ya Uingereza na Uholanzi, ambako kiangazi ni Juni hadi Agosti na mvua hunyesha. Kaka Omari, malalamiko ni yaleyale: mwaka wa kwanza yamechanua, wa pili majani matupu, wa tatu hakuna kitu. Baridi imeyaua?

OMARI: Baridi unaisingizia, dada. Tulipu nyingi za mwitu kwao ni milima ya Asia ya Kati na Uturuki, theluji zimeizoea. Kinachozimaliza ni mvua ya Julai. Kwao, Juni ikiingia ardhi inakauka kabisa hadi vuli. Tunguu limelala, halina mizizi, udongo una joto, na wakati huohuo ua la mwaka ujao linaundwa ndani yake. Sasa liweke kwenye udongo wa mfinyanzi wa London linyeshewe kiangazi chote. Mizizi ya kunywa hayo maji halina, linabaki limelowa tu, fangasi wa Fusarium anaingia kupitia kitako.

REHEMA: Kitako ni kile kibati kigumu cha chini mizizi inapoota.

OMARI: Hicho. Kikilainika ukakibonyeza kwa kidole kikaingia ndani, hilo tunguu tupa. Wala usilitie kwenye mboji.

REHEMA: Basi tunayalindaje kiangazi?

OMARI: Njia ya uhakika ni chungu cha udongo uliochomwa, cha sentimita 18 hadi 20, ukizike mpaka shingoni ndani ya sanduku la mchanga wa punje kubwa. Mchanganyiko wa ndani: sehemu 2 udongo wa bustani wenye rutuba kidogo, sehemu 2 changarawe ya milimita 3 hadi 6, sehemu 1 mboji ya majani yaliyooza. Samadi usitie. Panda Oktoba au Novemba, kina cha sentimita 10 hadi 12, halafu juu tandaza changarawe sentimita 2.

REHEMA: Watu watauliza kwa nini wasitumie vyungu vya plastiki, ni rahisi.

OMARI: Chungu cha udongo kinapumua. Kikishazikwa mchangani, humwagilii chungu, unamwagilia mchanga, na unyevu unapenya ukutani polepole. Mizizi inapata maji, shingo ya tunguu inabaki kavu. Tena mchanga unazuia mizizi isigande, maana chungu kilichosimama peke yake kwenye baraza hupigwa na baridi pande zote. Majani yakishanyauka, mwezi wa Juni, funika sanduku kwa kioo, lakini acha mapengo pembeni hewa ipite. Ukiziba kila upande, umetengeneza chumba cha ukungu. Septemba fungua, mwagilia mara moja kwa kushiba. Maji hayo ndiyo yanayoamsha mizizi.

REHEMA: Na mbolea? Kuna wanaomwaga naitrojeni wakidhani majani makubwa ndiyo maua mengi.

OMARI: Naitrojeni nyingi inalainisha tunguu, linaoza upesi. Tumia mbolea ya nyanya, ile yenye potasiamu nyingi, nusu ya kipimo cha kwenye chupa, kila baada ya wiki mbili, toka ua linapoanguka mpaka majani yanapoanza manjano. Majani yenyewe usiyakate wala usiyafunge mafundo. Tunguu la mwakani linajazwa na hayo majani.

REHEMA: Fritilaria ile kubwa, Fritillaria imperialis, tunguu lake lina tundu katikati. Wengi wanashauri lilazwe ubavu maji yasituame.

OMARI: Kulilaza si kosa, ila hakusaidii kama udongo ni mfinyanzi. Chimba sentimita 30, weka changarawe sentimita 5 chini, panda. Na usishtuke kwa harufu, linanuka kama mnyama. Kindi hawaligusi. Tulipu ndizo wanazofukua, kwa hiyo juu ya chungu laza wavu wa banda la kuku, ule wa matundu ya sentimita 2 na nusu. Chipukizi zinapita, makucha hayapiti.

REHEMA: Lakini Fritillaria meleagris, ile ya madoa ya mraba mraba, msiitie kwenye hesabu hii. Yenyewe ni ya nyasi za bondeni penye unyevu. Ukiikausha Julai kama tulipu, unaipoteza.

OMARI: Kweli kabisa, na dukani matunguu yake mara nyingi yameshakauka mno. Ukiyashika yakawa mepesi kama maganda, acha.

REHEMA: Wadudu, haraka haraka.

OMARI: Mbawakawa mwekundu wa yungiyungi, toka Aprili. Anakula fritilaria pia. Mabuu yake hujipaka kinyesi chao wenyewe, yanaonekana kama matope kwenye jani. Mtoe kwa mkono, ila tanguliza kiganja chini yake, maana ukimgusa anajiangusha chali na huwezi kumwona tena. Galanthus na narsisi wana nzi wao, Merodon equestris. Mei na Juni anataga kwenye shingo ya jani linalonyauka, funza anashuka na kula tunguu lote kwa ndani. Jani likilala, fukia mara moja lile tundu linaloachwa kwenye udongo.

REHEMA: Hapo kwenye Galanthus ndipo penye fedha. Mwaka 2012 tunguu moja la ‘Elizabeth Harrison’ liliuzwa kwa mnada wa mtandaoni pauni 725.

OMARI: Tunguu moja! Ndiyo maana watu wamejifunza kulizalisha kwa kulikata. Juni au Julai likiwa limelala. Safisha, ondoa ganda la nje, kata mizizi lakini kitako kibaki. Kisu kifute kwa spiriti kila unapobadili tunguu, la sivyo unahamisha virusi. Kata toka juu hadi chini vipande 8, kama vipande vya chungwa. Kisha kila kipande kigawanye, magamba mawili mawili, na kila jozi ibaki na kipande cha kitako.

REHEMA: Gamba lisilo na kitako?

OMARI: Linaoza, halizai. Tunguu changa linatokea pale gamba linapokutana na kitako. Loweka jozi zako kwenye dawa ya ukungu, zichuje, tia ndani ya mfuko wa plastiki wenye vemikulaiti, yale madini mepesi yanayoshika unyevu: sehemu 10 za vemikulaiti kwa 1 ya maji, kwa ujazo. Ukiifinya isidondoshe tone. Acha hewa mfukoni, weka gizani, nyuzi 20, wiki 12. Kila wiki chungulia, kilichoota ukungu wa buluu toa.

REHEMA: Baada ya hapo vinapandwa kwenye chungu, kina cha sentimita 2, na ua ni baada ya miaka 3 au 4. Tena angalizo: Galanthus zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kuzivusha mpaka bila kibali kunaweza kuwa kosa, hata kama ni tatu mfukoni.

OMARI: Kwa anayeanza, mimi ningemwambia aache kukimbilia bei, apande Tulipa sprengeri. Asili yake ni kaskazini mwa Uturuki, karibu na Amasya, na porini inahesabiwa imetoweka. Bustanini haina makuu: inavumilia kivuli chepesi na kiangazi cha Uingereza, inachanua nyekundu mwishoni mwa Mei. Kwa mbegu, mwaga mbegu mbichi vuli, funika changarawe sentimita 1, iache nje ipigwe baridi. Machipuko utaona vijani kama nyasi. Usiving'oe ukidhani magugu! Ua ni baada ya miaka 4 au 5.

REHEMA: Swali la mwisho, kutoka Nairobi: tulipu inawezekana nyumbani?

OMARI: Mara moja tu. Tunguu lazima likae kwenye friji, nyuzi 5 hivi, wiki 12 hadi 16, ndani ya mfuko wa karatasi. Usiweke ndizi wala maembe humo, gesi ya matunda yanayoiva inaua ua likiwa bado ndani ya tunguu. Ukilitoa, panda chunguni mahali pa ubaridi, kivulini. Likishachanua, litupe, halitajijaza tena kwa joto lile.

REHEMA: Na friji yenye matunda kila siku?

OMARI: Basi tafuta friji ya vinywaji.