Mama Hazel wa Mississauga, miaka 36 kwenye kiti kimoja

Karibuni jamani, nyie wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Leo tunamwongelea Hazel McCallion, meya wa Mississauga kule Kanada, jiji lililopakana na Toronto. Alikalia kile kiti kuanzia 1978 mpaka 2014, vipindi 12, anatoka ana miaka 93. Mimi huyu mama namkubali sana, nasema mapema mjue, ila kuna mahali nitambana.

Mnajua mwanzo alikuwa anapigana Mississauga isimmeze? Alikuwa meya wa Streetsville, mji mdogo tu, na serikali ya jimbo la Ontario ilipoamua kuuunganisha na Mississauga mwaka 1974 alipinga wee mpaka akashindwa. Mwingine angesusa. Yeye akaingia udiwani humo humo kwenye jiji lililommeza, na uchaguzi wa 1978 akamng'oa meya aliyekuwepo.

Hata mwaka hajamaliza ofisini, tarehe 10 Novemba 1979, usiku karibu saa sita, treni ya mizigo ikaacha reli katikati ya jiji. Beringi ya gurudumu ilikosa oili, ikapata moto mpaka ekseli ikakatika, mabehewa yakalala, gesi ya propani ikalipuka, na hapo hapo kwenye moto kuna tenki la klorini linavuja, na klorini jamani ukiivuta inaunguza mapafu. Watu zaidi ya 200,000 wakahamishwa, wanaangalia upepo umegeukia wapi wanahamisha na mtaa huo, na Hazel yupo, ameteguka kifundo cha mguu lakini anachechemea hivyo hivyo kwenda kuwaambia waandishi hali ikoje. Ilichukua karibu wiki mpaka wa mwisho wakarudi kwao. Hakufa mtu hata mmoja. Mimi naamini watu wa Mississauga walimchagua upya wiki ile, chaguzi zilizofuata zilikuwa za kukamilisha tu, maana alifika mahali hapigi hata kampeni, ukitaka kumchangia anakwambia hela hiyo kawape wahitaji.

Sasa sifa yake nyingine ni jiji lisilo na deni. Ni kweli, kwa miaka mingi halikudaiwa, lakini tuulize hela ilitoka wapi. Anayetaka kujenga mtaa mpya alilipa ada kwanza, za barabara, mabomba, maktaba, na wajenzi walikuja kwa foleni kwa sababu mashamba yalikuwepo, watu wakatoka chini ya laki tatu wakapita laki saba. Ardhi tupu ilipokaribia kuisha, ada zikapungua, na miaka yake ya mwishoni jiji likaanza kukopa kama majiji mengine. Halafu nyumba zenyewe zilijengwa zimetawanyika mno, kama huna gari unateseka kwelikweli, na hilo siyo la kurekebisha kwa mwaka mmoja. Simwiti mbaya kwa hilo, ila tukimsifia kwa kutokopa tuseme pia kwamba ukuaji ndio uliokuwa unalipa bili.

Na hapa ndipo nambana. Mwaka 1982 mahakama ilikuta kwamba alishiriki uamuzi wa ardhi uliokuwa unamgusa mwenyewe, akabaki na kiti. Miaka mingi baadaye ikaja tume ya uchunguzi, ripoti ikatoka 2011, jaji akasema wazi alikuwa na mgongano wa maslahi aliposukuma mradi wa hoteli ambao mwanawe alikuwa na hisa. Yeye alisema alitaka jiji lipate hoteli nzuri basi, na mimi namwamini kwamba aliitaka kweli hiyo hoteli. Lakini mama, mwanao yumo! Tangaza, toka nje, waache wengine waongee na hao wawekezaji. Na wapiga kura walikuwa wanasikia yote hayo, uchunguzi unaendelea, ikafika Oktoba 2010 wakampa zaidi ya robo tatu ya kura.

Alifariki Januari 2023 ana miaka 101. Haya, naona mikono, tuanze na mama pale dirishani.