Mnyonge hana haki? Mahakama, Katiba na bahari ya Lamu

Assalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni. Nimeombwa nilinganishe mahakama za katiba za nchi mbalimbali, na nitalinganisha. Lakini wanaonijua wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia baharini.

Tumelelewa na methali mbili: mnyonge hana haki, na mwenye nguvu mpishe. Mimi zimenichosha. Kwa babu zetu zilikuwa kweli tupu, maana walitawaliwa na watu ambao hakuna aliyeweza kuwauliza kitu. Leo tunazitumia kujipumzisha. Mtu akidhulumiwa anazitaja, anashusha pumzi, anakwenda zake kulala.

Mwaka 2012 wavuvi na wakazi wa hapa hawakulala. Walifungua kesi Mahakama Kuu juu ya bandari mpya ya Lamu, kule Magogoni. Magogoni mnaijua nyote, sitawaeleza. Nitawaeleza kesi, kwa sababu kila ninapouliza, watu wanakumbuka pesa tu. Hukumu ilitoka Aprili 2018, miaka sita baadaye. Ndiyo, fidia ilikuwa shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi zaidi ya 4,000. Lakini someni sababu! Mahakama ilisema wananchi walinyimwa habari za mradi, haki yao ya mazingira safi ilivunjwa, na uvuvi wa watu wa Lamu ni sehemu ya utamaduni wao ambao Katiba inaulinda.

Hilo la utamaduni nalirudia kila nipatapo watu wa kunisikiliza. Mzee mmoja anayevua kwa dema, yaani mtego wa samaki, aliwahi kunionyesha jinsi anavyochagua mahali pa kutega: anatazama rangi ya maji, anatazama mkondo, anakumbuka alichoonyeshwa na baba yake. Bahari ilipochimbwa ili meli kubwa zipite, maji yakawa tope na rangi ile ikapotea. Niambieni, elimu hiyo utaiandikia risiti gani? Cheti chake kiko wapi? Kwa miaka mingi, ukienda ofisini bila karatasi, wewe huna kitu. Hapa majaji walimtambua mtu kwa kazi aliyorithi. Hawakusema bandari isijengwe. Walisema huwezi kumjengea mtu mlangoni pake bila kumwambia na bila kumsikiliza. Mwaka uliofuata, baraza la rufaa za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa hapa Lamu, kwa sababu hiyo hiyo: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Najua kuna anayesema moyoni, "Lakini majaji hatukuwapigia kura, wana haki gani kumzuia tuliyempigia?" Ndugu yangu, Katiba yenyewe tuliipigia kura, Agosti 2010. Jaji anamkumbusha mkubwa sahihi yetu. Na mkishindwa kura kesho, mkawa wachache, mtakimbilia wapi?

Haya, ulinganisho. Kenya haina mahakama ya pekee iitwayo ya katiba. Kazi hiyo inaanzia Mahakama Kuu na inaweza kufika Mahakama ya Juu, ile iliyofuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017. Afrika Kusini wanayo, majaji 11, imejengwa Johannesburg palipokuwa gereza. Ujerumani wanayo mjini Karlsruhe tangu 1951, majaji 16, kila mmoja miaka 12 na harudi tena, kwa hiyo hana wa kumbembeleza. Uganda, Mahakama ya Rufaa ndiyo hukaa kama Mahakama ya Katiba. Jirani zetu Tanzania wana Mahakama Maalum ya Katiba, lakini hiyo ni ya ugomvi wa Serikali ya Muungano na ya Zanzibar, nusu ya wajumbe huku na nusu kule. Mwananchi hana mlango hapo. Anayetaka haki yake anakwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2020 sheria ilibadilishwa ikamtaka aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeumia. Kwetu, Kifungu cha 22 cha Katiba kinakuruhusu kufungua kesi kwa niaba ya jirani yako asiyeweza. Huo ndio mlango ninaouangalia mimi. Jina la mahakama silijali.

Jambo la pili ni utiifu. Mahakama haina askari wake. Afrika Kusini, 2021, rais mstaafu Jacob Zuma alidharau amri ya mahakama akahukumiwa miezi 15, akaingia jela. Sisi, Septemba 2020, Jaji Mkuu alimshauri rais kwa maandishi avunje Bunge kwa kutopitisha sheria ya theluthi mbili ya jinsia, ile ya kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti. Bunge halikuvunjwa. Na wavuvi wetu, baada ya kushinda, wamezungushwa miaka katika mazungumzo ya fidia, kiasi gani fedha taslimu, kiasi gani boti na nyavu. Kuna waliokufa wakingoja. Hili linaniuma, na sitaki mtu aniambie nisubiri, maana wao walisubiri.

Nilitaka kusema juu ya uteuzi wa majaji na juu ya bajeti ya Mahakama, lakini naona muda umekwisha na Alasiri inakaribia. Nitaje moja tu. Katiba inasema kufungua kesi ya haki za msingi hakuna ada. Kanuni za mahakama za 2013 zinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida, hata maelezo ya mdomo. Ukiambiwa ulipe ili faili ifunguliwe, taja Kifungu cha 22, ibara ndogo ya tatu. Ukirudishwa, njoo kwangu, tutakwenda pamoja.

Maswali sasa. Tuanze na mama zetu kule nyuma, kisha vijana.